Sumaku inayomwonyesha daktari njia ya tumboni

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo niliusikia tangu utotoni Karagwe, kabla hatujarudi nyumbani mwaka 1995. Hata hivyo, nilikaa miezi saba nikificha damu niliyokuwa nikiiona chooni. Nilijidanganya kuwa ni bawasiri. Sisi tunaopitisha mchele wa Kahama pale Rusumo, tukikaa kwenye basi kutwa nzima, nani asiyeijua bawasiri?

Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Nikavuka mpaka hadi hospitali moja, nikaambiwa nifanyiwe kolonoskopia, yaani kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Siku moja kabla nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, usiku kucha nikawa mtu wa chooni.

Aliyeushika mrija alikuwa daktari kijana ambaye bado anajifunza, mwalimu wake akiwa amesimama nyuma. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ghafla nikahisi tumbo linavutwa kama kamba, nikapiga kelele. Kijana alisukuma, lakini picha kwenye kioo haikusogea. Mwalimu akasema, "Umefanya kitanzi." Akauchukua mrija, akaurudisha nyuma huku akiuzungusha, maumivu yakakatika. Mwishoni alikiona kinyama kidogo, akakiondoa palepale. Majibu ya maabara yalionyesha hakikuwa saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka kuwa saratani.

Baadaye nilimuuliza mwalimu yule: kwa nini kijana hakukiona hicho kitanzi?

Alinieleza kuwa kamera huonyesha kilicho mbele yake tu. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, una kona nyingi, na baadhi ya sehemu zake zinaning'inia. Daktari akisukuma, mrija waweza kujikunja humo badala ya kusonga mbele, ukauvuta utumbo. Hapo ndipo mgonjwa anapolia. Mzoefu huhisi kitanzi kwa mkono wake, lakini hisia ya mkono ni vigumu kuifundisha kwa maneno.

Zamani madaktari waliutazama mrija tumboni kwa eksirei, jambo lililomwongezea mgonjwa mionzi. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walieleza katika jarida la Lancet njia isiyotumia mionzi: sumaku. Baadaye kampuni ya Olympus ya Japani iliingiza sokoni mtambo wa aina hiyo uitwao ScopeGuide. Ndani ya mrija hupangwa koili ndogo zinazotoa usumaku hafifu. Kipokezi kilicho kando ya kitanda huunasa, na kompyuta huchora kwenye kioo umbo zima la mrija ulivyolala tumboni. Kitanzi kikitokea, kila mtu chumbani anakiona.

Kwa anayefundisha, hilo ni jambo kubwa. Mwalimu na mwanafunzi wanatazama picha moja. Badala ya kumpokonya mrija, mwalimu anaweza kumwambia avute kidogo na azungushe, naye kijana akaona kitanzi kikinyooka mkononi mwake mwenyewe. Hata muuguzi anayebonyeza tumbo anaweza kushika koili nyingine, ili ionekane kama mkono wake uko mahali panapotakiwa.

Hata hivyo, mtambo huo hauonyeshi vinyama. Hiyo inabaki kazi ya kamera na jicho la daktari. Wala hauondoi haja ya mwalimu. Aidha, mtu mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema, kwa sababu ya sumaku hiyo.

Daktari yule aliutumia alipokuwa masomoni Uingereza. Hospitalini kwake haupo, kwa hiyo vijana wanajifunzia kwenye matumbo yetu kwa kubahatisha. Simlaumu kijana. Bila wao kujifunza, kesho nani atatupima? Lakini hospitali zetu zinaponunua mitambo, mafunzo nayo yakumbukwe, si majengo tu.

Ndugu msomaji, ukiona damu chooni, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda bila sababu, usiseme bawasiri kama nilivyosema mimi. Mzigo unaweza kusubiri mpakani siku moja.