Watawa Hawachimbi Msingi: Ujenzi wa Madarasa katika Monasteri za Myanmar

Katika nchi ya Myanmar, ambayo zamani ilijulikana kama Burma, mtoto ambaye wazazi wake hawamudu gharama za shule ya kawaida mara nyingi hupelekwa kwenye shule ya monasteri, yaani shule inayoendeshwa na watawa wa Kibudha ndani ya makao yao. Huko hufundishwa mtaala wa serikali bila kulipa ada, na aliye yatima au aliyekimbia vita hupatiwa pia chakula na malazi. Shule hizi hupokea wavulana kwa wasichana, wala hazimlazimishi mwanafunzi kuwa mtawa.

Utaratibu huu una mizizi mirefu. Kabla ya Waingereza kuiteka nchi hiyo kwa vita vitatu, vilivyoanza mwaka 1824 na kukamilika mwaka 1885, monasteri ndiyo iliyokuwa shule ya kijiji, na wavulana wengi walijifunzia humo kusoma na kuandika. Ukoloni ulileta shule za aina nyingine zilizowapunguzia watawa nafasi yao, na baada ya Jenerali Ne Win kutwaa madaraka mwaka 1962 elimu iliwekwa mikononi mwa dola, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 shule za monasteri ziliporuhusiwa kurudi rasmi. Miongoni mwa zilizochipuka wakati huo ni Phaung Daw Oo ya mjini Mandalay, iliyoanzishwa mwaka 1993 na mtawa U Nayaka akishirikiana na ndugu yake U Jotika, ambayo ilikua hadi ikawa na maelfu ya wanafunzi na kuwapokea watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali.

Hata hivyo, mtawa anayetaka kujenga darasa hukabiliwa na kikwazo kinachotokana na dini yake mwenyewe. Vinaya, ambayo ni sheria ya maisha ya utawa yenye kanuni 227 kwa kila mtawa kamili wa madhehebu ya Theravada yanayofuatwa nchini humo, inamkataza kuchimba ardhi, kwa hofu ya kuua viumbe waliomo, inamkataza kukata miti na mimea, na inamkataza pia kupokea fedha. Mtawa anayeishika sheria hii barabara hata kuamuru shimo lichimbwe haimpasi. Husema tu kwamba msingi unahitajika mahali fulani, na muumini aliye karibu naye huelewa la kufanya. Ununuzi wa saruji, malipo ya mafundi na utunzaji wa hesabu huangukia kamati ya waumini wa kawaida.

Kwa hiyo anayejitolea hachukui nafasi ya mtawa aliyechoka, bali hufanya kazi ambayo tangu awali haikuwa ya mtawa. Waumini huiita dana, maana yake kutoa kwa hiari, na huamini kwamba anayetoa nguvu zake naye huvuna thawabu. Wakati wa kumwaga zege, wanakijiji, wanafunzi wakubwa na wageni hujipanga mstari kama katika msaragambo, makarai ya mchanga na kokoto yakapita mkono kwa mkono hadi kwa fundi. Mgeni hutakiwa kuvua viatu kabla ya kuingia majengoni, kutomgusa mtoto kichwani, na kukumbuka kwamba mtawa hali chakula baada ya adhuhuri. Mwanamke naye hujizuia kumgusa mtawa.

Nia njema pekee, hata hivyo, haisimamishi ukuta. Tarehe 28 Machi 2025 tetemeko lenye ukubwa wa 7.7 lilipiga karibu na Mandalay na Sagaing, likaangusha monasteri nyingi, na likaonyesha upya hatari ya kuta za matofali zisizofungwa kwa nondo na lenta. Mgeni asiyejua kushika mwiko wala kusoma timazi, akipewa kujenga ukuta utakaoegemewa na watoto, huwatia hatarini wale aliokuja kuwasaidia. Vilevile, nauli ya ndege aliyoitumia ingeweza kulipa vibarua wa hapohapo kwa muda mrefu, nao wangepata riziki. Ndiyo maana inafaa fundi mwashi na mhandisi wakabidhiwe kazi za ufundi, wageni wakabebe, wakachekeche mchanga na wakapake rangi, na ratiba ipangwe ili paa liezekwe kabla ya masika, ambayo huanza mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba.

Jengo likishakamilika, hubaki swali la nani atasimama mbele ya ubao. Walimu wengi wa shule hizi ni vijana wasio watawa, wanaolipwa posho ndogo inayotegemea sadaka, na hali imezidi kuwa ngumu tangu jeshi lilipoipindua serikali mnamo Februari 2021, kwa sababu vita vimeongeza watoto wanaotafuta hifadhi na kupunguza uwezo wa waumini kutoa. Anayetaka kujitolea atafanya vyema akiuliza kwanza kama monasteri ina upungufu wa vyumba au wa walimu, kwa maana chumba kisicho na mwalimu hakitofautiani na ghala, ilhali mwalimu anayelipwa huweza kuanza kazi hata chini ya paa la mianzi.