Majina Katika Vitabu vya Adam Shafi

Neno "ng'ambo" maana yake ni upande wa pili wa maji. Mji wa Unguja hapo kale uligawanywa na mkono wa bahari: huku nyumba za mawe, kule vibanda vya udongo na makuti. Maji yale yamekwisha kufukiwa, lakini jina Ng'ambo lingalipo. Nalo ni jina alilolitoa mtu aliyesimama upande wa mawe.

Jambo hili twalikumbuka tusomapo riwaya za Bwana Adam Shafi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1940. Maana tatu katika hizo zina majina ambayo mtu huitwa na mwenziwe.

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), "Mwinyi" ni heshima ya bwana mwenye mashamba. Mtumishi wake mwaminifu ni bibi kizee aitwaye Kijakazi. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wala bibi huyu hauzwi sokoni. Lakini jina la mjakazi anaendelea kulichukua, tena kwa "ki" ya udogo, ijapokuwa ana mvi.

Neno "kuli" lilitoka Bara Hindi, likawa la wachukuzi wa bandarini. Katika Kuli (1979), kijana Rashidi na wenziwe wanaingia katika mgomo wa mwaka 1948. Hapo neno la dharau likageuka kuwa neno la umoja. Nalo "haini", la asili ya Kiarabu, ni jina ambalo serikali humpa imdhaniaye kuisaliti. Aliyeandika Haini (2003) alijua uzito wake, kwa kuwa yeye mwenyewe alifungwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972.

Vuta n'Kuvute (1999) si jina la mtu, ni kusema, "Vuta, nami nikuvute." Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, akimbilia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Hapo msomaji naye huvuka, akautazama mji kutoka upande ule. Na nyumba za mawe ndizo zilizo ng'ambo.

Sisi walimu twazoea kumwuliza mwanafunzi maana ya neno, naye hutujibu kama kamusi isemavyo. Yafaa tumwulize na swali la pili: Ni nani aliyelitoa jina hili, naye alikuwa amesimama wapi?