Leseni na makataa ya mitambo ya umeme: funzo la Lamu na Turkana

Mwezi Septemba 2013 serikali ya Kenya ilitoa ahadi kubwa: zaidi ya megawati 5,000 za umeme mpya zingepatikana katika muda wa miezi 40. Wakati huo mitambo yote ya nchi ilikuwa na uwezo wa takriban megawati 1,700.

Makataa hayo yalifika mapema mwaka 2017, na uwezo wa nchi ulikuwa umepanda hadi kiasi cha megawati 2,300 tu. Miradi miwili mikubwa iliyotarajiwa kusaidia kutimiza ahadi hiyo, mmoja wa makaa ya mawe Lamu na mwingine wa upepo karibu na Ziwa Turkana, ilikwama kwa sababu tofauti.

Miradi hiyo inaeleza vizuri jinsi mtambo wa umeme unavyopewa ruhusa, na gharama inayozuka pale tarehe inapopangwa kabla ya ruhusa hiyo kukamilika.

Ngazi za ruhusa

Nchini Kenya hakuna anayeruhusiwa kuzalisha umeme wa kuuza bila leseni. Kabla ya mwaka 2019 leseni hiyo ilishughulikiwa na tume ya kudhibiti nishati, ERC. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliikabidhi kazi hiyo mamlaka mpya, EPRA. Anayezalisha umeme usiozidi megawati moja kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni.

Kwa mradi mkubwa, leseni ya kuzalisha ni ngazi moja tu. Mwekezaji hutakiwa kufanya upembuzi yakinifu, kupata ardhi, na kufikia mkataba wa mauziano na kampuni ya Kenya Power. Mkataba huo hutaja bei ya umeme na miaka ya mauzo, na sharti uidhinishwe na mdhibiti.

Kisha kuna leseni ya mazingira, inayotolewa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, chini ya sheria ya mwaka 1999. Kuwa na kibali cha ofisi nyingine hakumwondolei mwekezaji wajibu wa kuipata.

Ngazi hii ndiyo inayompa nafasi mwananchi wa kawaida. Kanuni za mwaka 2003 zinaagiza matangazo yabandikwe mahali pa wazi, yachapishwe magazetini na kusomwa redioni, kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Zinaagiza pia angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika.

Sambamba na ngazi hizo huenda saa nyingine, ile ya mkataba. Mkataba wa mauziano hutaja tarehe ya kuanza kuuza umeme. Mwekezaji akichelewa, hutozwa. Lakini mtambo ukiwa tayari na serikali ikawa haijajenga njia ya kuusafirisha umeme huo, ni upande wa serikali unaolipa, kana kwamba umeme ulizalishwa na kutumika.

Lamu: leseni iliyobatilishwa

Mtambo wa Lamu ulipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara wa kaunti hiyo, ukiwa na uwezo wa megawati 1,050 na gharama ya takriban dola bilioni mbili za Marekani. Mwanzoni ungetumia makaa kutoka Afrika Kusini. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haupo mbali na hapo.

Kampuni ya Amu Power ilipata leseni ya mazingira Septemba 2016, miezi michache kabla ya makataa ya serikali kumalizika. Wakazi, wakiwamo wanachama wa jumuiya ya Save Lamu, walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, chombo cha kimahakama kinachosikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya NEMA.

Hoja yao haikuwa kwamba hawakuona mkutano wowote. Walisema waliitwa kabla ya uchunguzi kukamilika, na ripoti ilipotoka, hawakupewa nafasi ya kutosha kuyapima yaliyokuwamo: moshi, jivu la makaa litakalorundikwa karibu na pwani, na hatima ya uvuvi.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilikubaliana nao na kuibatilisha leseni. Lilisema kwamba kuwashirikisha watu bila kuwapa habari kamili za mradi hakutimizi sheria. Lilikosoa pia jinsi Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ilivyopuuzwa. Mwekezaji aliachiwa mlango wa kuanza upya tathmini yake.

Baada ya hapo mradi ulipoteza wafadhili. Benki ya ICBC ya China, iliyotarajiwa kutoa sehemu kubwa ya mkopo, ilijitoa mwaka 2020. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliitupa rufaa ya kampuni hiyo.

Turkana: mitambo bila njia

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ulioko Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ulikuwa na tatizo la aina nyingine. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa jumla wa megawati 310, ilikamilika kusimikwa mwaka 2017.

Njia ya umeme ya kuelekea Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali, nayo haikuwa tayari. Fidia za ardhi zilichelewa, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ya ujenzi ikafilisika. Mitambo iliunganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018.

Kwa kuchelewa huko Kenya ililazimika kulipa zaidi ya shilingi bilioni tano, na sehemu nyingine ya gharama ikapangwa kufidiwa kupitia bei ya umeme. Hatari hiyo haikuwa siri. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika kuudhamini mradi huo, kwa hofu kwamba Kenya ingelipia umeme isioweza kuutumia.

Hata hapo suala la ruhusa halikwisha. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu. Jamii za wafugaji zilizofungua kesi zilikuwa zimeanza kudai haki hiyo tangu mwaka 2014.

Nani hubeba mzigo

Wawekezaji nao wana malalamiko ya kweli. Mikopo ya miradi hii huhesabiwa riba kila siku, na faili linalolala mezani kwa mwaka mzima hupandisha bei ya umeme kabla hata msingi haujachimbwa. Ofisi zinazotoa leseni zinapaswa kuwa na muda maalumu wa kujibu.

Hata hivyo, kumtaka ofisa ajibu kwa wakati si sawa na kumtaka akubali kwa wakati. Lamu, tarehe ya kisiasa iliwekwa kwanza, na maswali ya wakazi yakaonekana kama kikwazo. Maswali yaleyale yalirudi mbele ya jopo, na yakachukua karibu miaka mitatu. Mikutano michache zaidi mwaka 2016 ingechukua miezi tu, na huenda ingeonyesha mapema kwamba mtambo huo haukuhitajika: hadi leseni inafutwa, mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalikuwa hayajafika megawati 2,000.

Turkana, tarehe iliandikwa katika mkataba ambao mtumiaji wa umeme hakuwahi kuusoma, lakini adhabu yake ikamfikia katika ankara ya kila mwezi.

Suala hili litajitokeza tena. Kenya imepanga kujenga mtambo wake wa kwanza wa nyuklia, na mwaka 2034 umetajwa kuwa wakati wa kuanza kuzalisha. Eneo la kwanza lililolengwa, Uyombo katika kaunti ya Kilifi, lilikumbana na maandamano ya wakazi mwaka 2024, na baadaye macho yakaelekezwa Siaya.

Mtambo huo utahitaji leseni ya mazingira, leseni ya mdhibiti wa nishati na ile ya mamlaka ya usalama wa nyuklia. Mwaka umekwisha kutajwa, na leseni hizo bado hazijatolewa. Wakazi wa Siaya wanayo haki ya kuuliza, kabla ya mkataba kutiwa saini, ni nani atakayelipa iwapo tarehe hiyo itapita.