Namba ya tarakimu 21 na boni ya kilo 347

Mutu akipokea boni ya mawe aliyouzisha, jicho linakimbilia jumla, pale chini. Na ni pale makosa inapenda kulala. Leo tunawaonyesha wasomaji wetu njia ya zamani ya kuichungulia, kwa biki na karatasi tu.

Tuanze na namba kubwa: 147 573 952 589 676 412 927. Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, utoe 1: ndiyo hiyo. Mwaka 1644 padri wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika kama hakuna namba inayoigawanya, ila 1 na yenyewe. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mufaransa pia, akaonyesha kama inagawanyika, lakini vipande vyake hakuvipata. Mwaka 1903, mbele ya wanahesabu wenzake kule New York, Mumarekani Frank Nelson Cole akavileta: 193 707 721 mara 761 838 257 287. Jiwe lilipasuka.

Sasa tumuchunguze bwana Cole. Jumlisha tarakimu za kipande cha kwanza: 37. Tena 3 na 7: 10. Tena: 1. Kipande cha pili: 64, halafu 10, halafu 1. Moja mara moja ni 1, basi namba kubwa nayo lazima itoe 1. Tarakimu zake 21 zinatoa 109, halafu 10, halafu 1. Sawa.

Nguvu hii inatoka wapi? Inatoka kwa 9. Katika 10 toa 9, inabaki 1. Katika 100 toa 99, inabaki 1. Kwa hiyo 300 inabakiza 3, na 40 inabakiza 4. Kujumlisha tarakimu ni kuondoa 9 zote na kuacha mabaki.

Turudi kwa boni. Kilo 347, bei franka 2 600. Tarakimu za kilo zinatoa 14, ndiyo 5. Za bei zinatoa 8. Tano mara nane ni 40, ndiyo 4. Kama mununuzi ameandika 892 200, inatoa 21, ndiyo 3. Hapana! Mwambie arudilie hesabu mbele yako. Jumla ya kweli ni 902 200. Franka 10 000 ya watoto ilikuwa inapotea.

Lakini muangalie vizuri, ndugu zetu. Akiandika 893 200, inatoa 22, ndiyo 4, na njia yetu inanyamaza, maana franka 9 000 iliyokosa inagawanyika kwa 9. Jibu baya linaonyesha kosa bila mashaka. Jibu zuri halimalizi kazi. Tena haipimi mizani, inapima karatasi tu.

Mama, baba, mufundishe mutoto anayesoma. Jioni moja inatosha, na siku ya kuuzisha, aje naye na biki yake.