Jina la Tatu

Katika kata ya Gitting, kwenye nchi ya Mlima Hanang, muuguzi anayejaza kadi za watoto kliniki anasema swali linalomkwamisha si uzito wala tarehe ya kuzaliwa. Ni jina la tatu.

Jina hilo kwa kawaida ni la babu. Na mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake. Wala haishii hapo: hata maneno ya kila siku yanayokaribiana kwa sauti na jina hilo huyaacha, akatumia mengine. Tuseme mkwe angeitwa Simba. Mnyama yule angetafutiwa jina jingine, na simbi nazo zisingetajwa. Wenyewe huiita desturi hii gíing'áwêakshòoda, na mwanaisimu Alice Mitchell aliandika tasnifu juu yake mwaka 2015. Wanawake wana hazina nzima ya maneno mbadala, ambayo bibi arusi hujifunza akiwa ukweni. Ni elimu kubwa, na haina cheti.

Hapo ndipo jina la utani linapopenya. Mama akibanwa, anasema muuguzi, hutaja lile la mtoto la nyumbani, Dogo au Babu, na muuguzi mwenye haraka huliandika mahali pa jina la babu. Yeye mwenyewe hafanyi hivyo. Humwomba jirani aliye kwenye foleni alitaje jina la babu, au humpigia baba simu. Kwake ni kosa kumlazimisha mama avunje heshima ya nyumba yake kwa sababu ya karatasi. Na ni kosa vilevile kumwandikia mtoto Dogo, jina litakalomhangaisha shuleni, kwenye cheti cha kuzaliwa (RITA) na kitambulisho cha taifa (NIDA), hadi ale kiapo mbele ya wakili.

Niko upande wake. Majina ya huku yamefika mbali bila kufupishwa: Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, mwaka 1978.

Lakini nilipomuuliza kama jina la nyumbani halifai kabisa, alisita. Kwa Wairaqw, majirani wa Wadatoga, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Tluway, yaani mvua, na hilo ni jina kamili. Tukio la siku moja limetosha.

Linalomsumbua yeye ni jingine. Wasichana wa sasa wanajua kuandika. Mama akichukua kalamu akaliandika jina la mkwe bila kufungua mdomo, amemtaja au hajamtaja? Amewauliza wazee. Hawakubaliani.