Jina moja, injini mbili: Je, kampuni hupunguza makali ya magari ya kasi zinapoyapeleka nchi nyingine?

Mwaka 1994 Wamarekani waliokuwa wakiisubiri BMW M3 mpya waliipata. Beji ileile nyuma, umbo lilelile, jina lilelile lililosifiwa na magazeti ya magari ya Ulaya kwa miaka miwili. Walipofungua boneti, injini ilikuwa nyingine.

M3 iliyouzwa Ujerumani tangu 1992 ilikuwa na nguvu za farasi 286. Ya Marekani ilikuwa na 240. Mashabiki wa huko hawajaacha kulalamika mpaka leo, na swali lao ni lile ambalo mnunuzi yeyote wa gari la kasi kutoka nje hujiuliza: hivi hawa jamaa wametuchakachulia?

Jibu fupi ni ndiyo, kampuni hufanya hivyo. Ila mara nyingi haifanyi kwa sababu ambayo watu wanaidhania, na gari lililopunguzwa si lazima liwe gari baya.

Nini hasa kilipunguzwa

Injini ya M3 ya Ulaya ilikuwa na silinda sita, na kila silinda ilikuwa na mlango wake wa kuingizia hewa. Ukikanyaga mafuta, milango sita inafunguka kwa pamoja. Ndiyo maana injini ile iliitikia haraka na ilipenda kuzungushwa juu. Ni teknolojia ya magari ya mashindano, na ni ghali kuitengeneza.

Ya Marekani ilikuwa na ukubwa uleule, lita 3.0, lakini ilijengwa juu ya injini ya kawaida ya BMW 325i iliyotanuliwa. Mlango wa hewa ulikuwa mmoja kwa silinda zote. Hata spidi ya mwisho ilifungwa kwenye kompyuta: takriban km 220 kwa saa, wakati ile ya Ulaya ilifungwa kwenye 250.

Mwaka 1996 pengo likapanuka. Ulaya walipata injini ya lita 3.2 yenye nguvu 321 na gia sita. Marekani nao waliongezewa ukubwa wa injini, lakini nguvu zikabaki 240 na gia zikabaki tano.

Hapa kuna mtego mdogo wa vipimo. Farasi wa Ulaya ni mdogo kidogo kuliko farasi wa Marekani, kwa hiyo 286 ya Ujerumani ni kama 282 kwa kipimo cha Marekani. Pengo la kweli mwanzoni lilikuwa kama 42, siyo 46. Ni dogo kuliko linavyosomeka, ila lipo.

Kwa nini BMW ilifanya hivyo

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya pesa. M3 ya kizazi cha kabla ya hapo, iliyouzwa Marekani kati ya 1988 na 1991, ilitengenezwa kwanza ili BMW iruhusiwe kuingia kwenye mashindano. Ilikuwa na silinda nne tu na bei ya juu. Leo watoza magari wanaigombania, lakini wakati ule Wamarekani walionunua walikuwa kama 5,000 hivi. Kwa soko kubwa namna ile, hiyo ni idadi ndogo sana.

Safari ya pili, BMW haikutaka kurudia kosa. M3 ya 1994 iliingia sokoni ikiwa na bei ya karibu dola 36,000. Kwa injini ya Ulaya, bei hiyo isingewezekana.

Hesabu ya pili ilikuwa ya sheria. Marekani haikubali cheti cha moshi cha Ulaya. Injini inayouzwa huko lazima ipimwe upya kwa utaratibu wa shirika la mazingira la serikali ya nchi hiyo, EPA, na jimbo la California lina masharti yake ya ziada. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo lilipaswa pia kuwa na mfumo wa kompyuta unaojichunguza wenyewe na kuwasha taa kwenye dashibodi moshi unapoharibika. Ni ile taa ya “check engine” inayowanyima watu usingizi hadi leo.

Gharama ya vipimo hivyo haibadiliki sana, uuze magari 500 au 50,000. Injini ya 325i ilikuwa ikiuzwa Marekani tayari na BMW iliijua vizuri chini ya sheria za huko. Kuikuza injini hiyo kulikuwa rahisi kuliko kuanza upya na ile ya Ulaya.

Ushahidi uko jirani tu, Kanada. Mwaka huohuo wa 1994, BMW iliuza huko M3 45 zenye injini kamili ya Ulaya. Barabara za Kanada hazina tofauti kubwa na za Marekani, baridi ni kali zaidi, na wateja wanafanana. Kilichotofautiana ni sheria.

Na wateja je? Hapo ndipo lawama zinapopungua nguvu. M3 ya Marekani ilifika maili 60 kwa saa chini ya sekunde sita kwenye majaribio ya magazeti, kwa sababu mvuto wa injini yake kwenye mizunguko ya kawaida haukuwa nyuma sana. Iliuzika vizuri. Walioitaka kwa gia za otomatiki waliipata, kitu ambacho Ulaya hawakupewa kwa namna ile. Kizazi kilichofuata, cha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilikuja Marekani na injini ileile ya Ulaya: 343 kwenye karatasi za Ulaya, 333 kwenye karatasi za Marekani. Bila yale mauzo ya gari “lililopunguzwa”, huenda BMW isingejisumbua kuyapitisha makali yote.

Wajapani nao

Kwa magari ya Japani, kisa kinachouma zaidi ni cha Nissan. Kuanzia 1989 iliuza Marekani gari dogo lenye umbo la michezo liitwalo 240SX. Japani, gari hilohilo kwa jina la Silvia lilikuwa na injini yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, na kuanzia 1991 nguvu zake zilikuwa 205. Mmarekani alipewa injini ya lita 2.4 isiyo na tabo, ya familia moja na injini zilizofungwa kwenye pikapu za Nissan. Ilikuwa imara na ngumu kuiua, lakini mtu aliyenunua gari la michezo hakuwa ametumwa pikapu.

Mitsubishi Lancer Evolution ni hadithi tofauti kidogo. Subaru Impreza WRX ilipoingia Marekani mwaka 2001 na kununuliwa kwa wingi, Mitsubishi ilifuata mwaka 2003 na Evolution VIII. Injini ilibaki ya ukoo uleule wa Japani. Kilichoachwa nyumbani ni mfumo wa kompyuta unaogawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia kwenye kona, pamoja na gia ya sita. Badala yake likawekwa difu la kawaida la kimekanika na gia tano.

Mashabiki walikasirika. Lakini hukohuko Japani kulikuwa na Evolution ya toleo la RS, lililovuliwa vitu vingi makusudi kwa ajili ya watu wa mbio za magari. RS ya kawaida nayo haikuwa na ule mfumo wa nyuma, na ilikuja na gia tano. Kitu ambacho Mmarekani alikiona ni unyanyapaa, dereva wa rali alikuwa akikichagua mwenyewe: kina uzito mdogo, na vitu vya kuharibika ni vichache.

Wakati mwingine gari huongezewa badala ya kupunguzwa. Subaru ilipopeleka Impreza STI Marekani kama gari la mwaka 2004, iliifunga injini ya lita 2.5 yenye nguvu 300, huku Japani wakibaki na lita 2.0. Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa ngazi kulingana na ukubwa wa injini, na lita 2.0 ni moja ya ngazi hizo. Marekani hakuna ngazi hiyo, kwa hiyo Subaru haikuwa na sababu ya kubana.

Hata takwimu za Japani zenyewe zinahitaji tahadhari. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa huko walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya 280. Kwa hiyo magari mengi ya kipindi hicho yaliandikwa 280 kamili kwenye karatasi, hata pale injini ilipotoa zaidi. Anayelinganisha karatasi ya Tokyo na karatasi ya New York za miaka hiyo analinganisha sheria na adabu kuliko injini na injini.

Mafuta ya kituoni

Sababu nyingine haizungumzwi sana: petroli. Namba ya oktani inaonyesha petroli inastahimili mgandamizo kiasi gani kabla ya kulipuka ovyo ndani ya silinda. Ikilipuka kabla ya wakati, injini hugonga, na kugonga kukizidi pistoni huvunjika.

Japani, petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani ya takriban 100. California, ile bora kwenye vituo vingi imeandikwa 91. Tofauti siyo kubwa kama inavyosomeka, maana Marekani huandika wastani wa njia mbili za upimaji, na 91 yao ni kama 95 au 96 kwa kipimo cha Japani. Lakini kwa injini ya tabo iliyosukumwa hadi ukingoni, pointi nne au tano zinatosha kumfanya mhandisi apunguze msukumo wa tabo kabla gari halijapanda meli.

Magari yaliyokuja bila kuandaliwa

Hapa ndipo suala linapofika Mombasa na Dar es Salaam, kwa mlango wa nyuma. Subaru na Evolution nyingi zilizoko Afrika Mashariki hazikuletwa na kampuni kwa ajili ya soko hili. Ni mitumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Mjapani, ikanunuliwa mnadani na kupakiwa melini.

Hakuna aliyeipunguza makali. Hakuna aliyeiandaa pia. Redio inaishia kwenye masafa ya Japani mpaka fundi aifungie kifaa cha kuongeza masafa, ramani inaongea Kijapani, na spidi mita nyingi zinaishia 180. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba kompyuta ya injini ya STI ya Japani iliwekwa ikitegemea petroli ya oktani 100, na inayouzwa kwenye vituo vingi vya ukanda huu haifiki hapo.

Gari lina kihisi kinachosikia injini inapogonga, na kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kuinusuru. Kwa maneno mengine, gari linajipunguza lenyewe. Nguvu zilizoandikwa kwenye tangazo hazitoki zote, na dereva anayelikanyaga kupanda mlima joto likiwa kali anakitegemea kihisi hicho kimoja. Aliyepewa toleo “lililopunguzwa” kwa mafuta ya kwake hana wasiwasi huo.

Yapo pia yaliyopunguzwa hukohuko Japani. Toyota GR Yaris iliyotoka 2020 inajulikana kwa injini ya tabo ya lita 1.6 na magurudumu manne yanayovuta. Ya Japani ilianza na nguvu 272. Ya Ulaya, yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ilianza na 261. Lakini Toyota iliuza Japani toleo jingine liitwalo RS. Mwili ni uleule uliotanuka, beji ni ileile ya GR, ndani kuna injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, gia za otomatiki, na nguvu zinakwenda magurudumu ya mbele peke yake. Nguvu zake ni 120.

Kwenye picha ya mnada yanafanana kama mapacha. Yanatofautiana kwenye herufi za mwanzo za namba ya chesesi: lenye tabo huanza na GXPA16, RS huanza na MXPA12. Kwa Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni hivyohivyo. GDB ndiyo STI yenyewe na GDA ni WRX. GD2 na GD3 ni za lita 1.5, hata kama mwenye nazo amebandika beji ya STI kwenye buti na kufunga ekzosi ya kelele.