Hesabu Kwanza, Betri Baadaye
Ndugu mtumiaji wa Mafia, ukikusudia kujiwekea umeme wa jua nyumbani, tunakushauri ufanye hesabu kabla ya kwenda dukani. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4, 160. Feni ya wati 50 kwa saa 6, 300. Jumla ni 560.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini ikizoeshwa kutumiwa zaidi ya nusu hufa mapema. Zinazofaa kutumika ni 600: usiku mmoja tu. Kwa siku za mawingu ya masika, ongeza betri ya akiba. Kazi ya nyaya umkabidhi fundi mwenye leseni ya EWURA.